Kanga wa Maganda ya Mahindi

Enzi zetu hapa Kasongo, nguo ya mchezo wa kuigiza shuleni haikununuliwa wala haikushonwa. Ilitafutwa. Sindano ya nyumbani ilikuwa moja, na tangu tulipopoteza ile ya kwanza mchangani, mama hakumpa mtoto yeyote. Tulitumia miiba ya mlimau badala ya pini, vipande vya mpira wa baiskeli badala ya mkanda, na mkaa kwa masharubu ya mfalme. Tulinuka mawese na moshi, na tulijiona tumependeza.

Mwisho wa mwaka wa shule, kabla pointi za mitihani hazijasomwa mbele ya wazazi, kila darasa lilicheza mchezo wake. Mwaka mmoja mdogo wangu Zaina, ambaye mwalimu alizoea kumpita hata akinyoosha kidole, alichaguliwa kuwa kanga, yule ndege mweusi wa madoa meupe, anayewaonya wanyama wenzake kwamba mwindaji amefika. Sharti lilikuwa moja. "Mwenye hana nguo ya mchezo," alisema mwalimu, "ataimba kule nyuma na wengine."

Zaina alirudi mbio kwangu mimi kaka yake. "Yaya, nitasema peke yangu! Mbele ya watu yote!"

Tulianza na gunia kuukuu, tukalitoboa nafasi ya kichwa na mikono, tukalipaka mkaa uliosagwa, makala kama tunavyouita kwetu. Manyoya yalikuwa maganda makavu ya mahindi, nayo tukayapaka mkaa. Madoa tuliyapiga kwa bua la jani la mpapai: lina tundu ndani, na ukilichovya kwenye udongo mweupe linaacha duara safi. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo, ule ule wa bukari, ugali wetu. Tukaanika kazi yetu uani, tukaenda kuteka maji.

Tuliporudi, mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akicheka mpaka machozi. "Mukuje muone! Kuku ziko nakula kanga yenu!"

Kuku walifuata bukari, wakang'oa manyoya moja baada ya jingine. Shabani, mtoto wa jirani, akachungulia juu ya ua. "Hiyo kanga iko na ugonjwa gani? Imebaki gunia ya makala!"

Mchezo ulikuwa kesho yake. Mimi nilitaka kupika gundi nyingine na kulinda kwa fimbo. Zaina alikaa chini, akawa anachokoa nyuzi za gunia kwa kidole.

"Yaya, tuache bukari. Ile ni chakula, nani hatakula?"

Akalisokota ganda moja, akalipitisha katikati ya nyuzi, akafunga fundo. Likashika. Tukafunga maganda mpaka tukaitwa kula, na baada ya kula mama naye akakaa upande wa pili wa gunia, akafunga nasi, bila sindano.

Kuna jambo ambalo hatukulipanga. Maganda yaliyofungwa yalisimama, na Zaina alipotembea yaligusana yakapiga kelele kama ndege anayepita kwenye majani makavu. Wazazi walinyamaza kabla hajafungua mdomo. "Mwindaji! Mwindaji amefika!" alipaza sauti, na mtoto mchanga wa mstari wa mbele akaangua kilio. Tangu siku hiyo, Zaina akinyoosha kidole, mwalimu alimwita kwa jina.

Vijana wa leo huuliza kwanza kama tisheti za rangi moja zitatoka Bukavu. Mmoja aliniambia gunia linawasha. Ni kweli, linawasha. Majuzi tisheti za mchezo za darasa la binti yangu zilikwama kwenye matope upande wa Salamabila, pamoja na pikipiki iliyozibeba, na wenzake wakajaa uani kwangu wakiwa na nyuso za msiba. Sisi hatukuwa na mtu wa kumpigia simu. Wao wanaye. Nikampigia Zaina, ambaye sasa ni mama wa watoto wake kule Wamaza, nikaongeza sauti ili wote wasikie.

"Shangazi, tutafanya namna gani? Hatuna kitu!" binti yangu alilalamika.

"Hapo kwenu iko nini?" aliuliza.

Wakatazamana. Kisha mmoja akasema karatoni, mwingine akasema mifuko ya plastiki, na binti yangu akawa ameshaingia jikoni. Nilisikia sufuria zikianguka, na sauti yake ikiita, "Papa, hii tunaweza kuharibu?"

Nilimjibu ndiyo kabla ya kuona ni nini.