Kiti Kilichokataa Kushuka Mgombani

Nimesoma vitabu vingi maishani, vingine hata nikavielewa, lakini hakuna kilichonitesa kama kitabu cha maelekezo ya kiti cha mama. Kilikuwa kinene kuliko tasnifu yangu ya chuo kikuu, na tofauti na tasnifu yangu, kiliandikwa kwa matumaini kwamba kuna mtu atakisoma.

Kiti chenyewe kilitumwa na mdogo wangu, ambaye miaka ile ya elfu mbili mwanzoni alikuwa Marekani akihudumia wazee. Alikipata kwa familia moja iliyofiwa na mzee wao. Mama alikuwa anaingia mwaka wa pili bila kutembea; magoti yalimgomea kabisa. Kiti hicho hakikuwa kama vile vya kusukumwa tulivyozoea kuviona hospitalini. Kilitumia betri, kilikuwa na kompyuta ndani, na ukibonyeza kitufe fulani kiliinuka kikasimama juu ya magurudumu mawili tu. Aliyekaa akawa anatazamana uso kwa uso na watu waliosimama, na hakianguki. Ukikisukuma kinayumba kidogo, kisha kinajirudisha, kama mlevi mwenye adabu.

Nilikwenda Dar mara mbili kukitoa bandarini, ambako ofisa mmoja alitaka kwanza nimthibitishie kuwa si pikipiki. Chaja yake ilitaka umeme wa kwao, ambao ni nusu ya wetu, ikabidi fundi mmoja wa Kiboriloni atutengenezee transfoma. Nikakodi pikapu kukipandisha mlimani. Mama alikishukuru sana, akakiweka sebuleni pembeni ya kabati la vyombo, akakitandika kitambaa cheupe cha kufuma kwenye egemeo. Wageni walionyeshwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, yeye mwenyewe akiwemo.

"Mama, hiki ni cha kutembelea."

"Kwenye matope haya? Mwanangu, wewe umesoma mpaka umechoka."

Kilichokitoa pale sebuleni ni mpaka.

Kihamba chetu, yaani shamba la urithi la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kinateremka kutoka uani hadi kwenye mfereji. Jirani yetu upande wa chini ni binamu yangu, mtoto wa baba yangu mdogo, mtu wa makamo mwenye mabega mapana kama mlango. Bei ya kahawa ilipoanguka aling'oa mibuni yake, akapanda nyanya za kupeleka sokoni Himo. Nyanya zililipa. Na kila msimu mistari yake ilisogea juu kidogo, na masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani, nayo ikasogea. Tangu mama aache kutembea, hakuna aliyekwenda kuangalia. Mimi nilikuwa Moshi mjini nikisahihisha mitihani.

Habari ilimfikia mama kupitia mwanamke aliyekuwa akituletea maziwa. Kaburi la baba liko kule chini, na kando yake mama aliacha nafasi yake mwenyewe. Sasa nafasi hiyo, aliambiwa, ina nyanya.

"Nitazikwa kwenye kachumbari ya watu," alisema, na siku hiyo hakula.

Wazee wa ukoo na balozi wetu wa nyumba kumi walikubali kuja Jumamosi asubuhi. Lakini walitoa sharti. Masale yale mama aliyapanda mwenyewe pamoja na baba mwaka alioolewa, na kati ya waliokuwepo siku ile amebaki yeye tu. Basi afike mpakani, aonyeshe. Kunyoosha kidole kutoka barazani hakutoshi, maana kutoka barazani unaona migomba tu. Asipofika, mpaka ubaki ulipo.

Mama akatoa kitambaa kwenye egemeo. "Haya, mwalimu. Leta kitabu chako."

Jumamosi ilifika, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Pale uani, penye sakafu ya saruji, mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kujiona mtu wa maana. Nilibonyeza kitufe, kiti kikanguruma, kikainuka. Mama akapanda hewani taratibu, khanga mabegani, mpaka akawa anamtazama balozi machoni.

"Shikamoo, mama," alisema balozi, akirudi nyuma hatua moja.

"Marahaba. Mbona unakimbia?"

"Mama mkubwa, umekuwa twiga!" alicheka binamu yangu, yule mwenye nyanya. Alikuja amevaa shati safi, mtu asiye na wasiwasi.

"Twiga anaona mbali," mama alimjibu. "Twende."

Tukafika mwisho wa saruji, pale njia inapoanza kushuka kuingia mgombani. Kiti kikasimama. Kikalia pii, pii, pii. Kikajishusha chenyewe kwenye magurudumu manne, mama akarudi kimo chake cha siku zote, kikakataa kwenda. Nilisukuma kijiti cha kuendeshea mbele. Pii. Nilikizima nikakiwasha. Nilikigeuza kishuke kinyumenyume, kama kitabu kilivyoshauri kwa ngazi. Tairi moja ilizama kwenye matope na kiti kizima kikainama upande. Mama akanishika sikio, maana ndicho kitu kilichokuwa karibu.

"Mwalimu," aliuliza mzee mmoja kwa upole, "kitabu kinasemaje?"

Nilifungua. Kilisema mteremko umezidi kiwango, na kwa msaada zaidi niwasiliane na wakala wa eneo langu. Niliwatafsiria. Wazee walitazama huku na huku mgombani, kana kwamba wakala anaweza kutokea nyuma ya mkungu.

Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Kitu chenye akili ya kusimama kwa magurudumu mawili kilishindwa na njia ambayo mbuzi wa mama walipita kila siku. Na mimi, mtoto wake mwenye digrii mbili, nilikuwa nakipigia magoti kwenye tope nikikibembeleza kwa Kiingereza.

"Nitakubeba, mama," nilisema.

Nilimwinua. Nilipiga hatua mbili. Ya tatu ilianza na kuishia kwenye mgomba, ambao ulitupokea wote wawili.

"Niweke chini kabla hujaniua," alisema. "Hapo chini bado sijapata pa kulala."

Mzee mmoja akaanza kusema labda basi, labda mwezi ujao, jua likiwaka. Hapo ndipo binamu yangu alipochuchumaa mbele ya mama, akampa mgongo.

"Panda, mama mkubwa. Tumalize."

Nadhani aliona ni jambo la kumpendeza kila mtu na lisilomgharimu kitu. Mama alimtazama kisogoni kwa muda. Kisha akamshika mabega, akapanda. Walishuka kama watu wanaokwenda sokoni. Mimi nilifuata nyuma, nimebeba viatu vyake.

"Kushoto," mama aliamuru. "Kushoto, nimesema. Usinizungushe."

Walisimama penye masale. Majani yalikuwa mabichi, udongo kwenye mashina ulikuwa haujashikana vizuri.

"Nikushushe hapa, mama mkubwa?"

"Hapa ni wapi?"

"Mpakani."

"Nishushe palipo mpakani."

"Ndiyo hapa."

"Basi sishuki."

Alimkaza shingoni. Binamu akacheka, akamhamisha mgongoni kidogo, akangoja. Mama si mwembamba. Akangoja tena. Jasho likaanza kumtoka, shati safi likamganda mgongoni.

"Wazee, mwambieni ashuke."

"Ni mama yako mkubwa," alisema balozi. "Mwambie wewe."

"Nilikubeba mgongoni hivi hivi mama yako alipolazwa," mama alimwambia sikioni, lakini sote tulisikia. "Sikuwahi kukushusha shambani kwa mtu. Nishushe pangu. Unapajua."

Alimpandisha tena mgongoni. Halafu bila kumtazama yeyote akatembea. Alivuka masale, akaingia kwenye nyanya zake, akakanyaga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye mstari wa nne akapiga goti, akamshusha mama taratibu kama mtu anayeweka yai.

Balozi akaomba panga.

Masale yakang'olewa na kurudishwa kwenye mstari wa nne, mama ameketi juu ya gunia, kwenye nafasi yake kando ya kaburi la baba, akisimamia. Yaliyokuwa karibu aliyajaribu kwa mkono. "Chini zaidi. Hilo hata kuku atalichimbua." Wazee wakampongeza binamu yangu kwa moyo mwema wa kumbeba mama yake mkubwa, wakampiga mabegani, naye akapokea sifa ameinamisha uso. Kwangu hakuna aliyesema kitu. Matone yakaanza kudondoka juu ya majani ya migomba.

"Mama, twende," nilisema. "Mvua hiyo."

Alijivuta akakaa vizuri, akapangusa udongo kwenye khanga.

"Tangulia, mwanangu. Mimi bado nimekaa."