Sehemu ya Mwanamume

Hakuna kitu kingenishangaza tena: hivyo ndivyo nilivyozoea kuwaambia watu hapa Batha. Niliacha shule darasa la tano, nikaja Riyadh kubeba magunia, na leo nina duka langu la kusafirisha mizigo, magari mawili na vijana saba chini yangu. Nishangazwe na nini?

Enzi zetu kule nyumbani Ol Kalou, kabla ya hawa watoto wanaozaliwa na simu mkononi, Jumapili ilikuwa ya redio na muziki wa kantri. Tulinunua kadi za salamu dukani, tukaandika wimbo tunaoutaka, na wimbo uliopata kadi nyingi ndio uliopigwa mwisho, namba moja. Baba alivaa kofia yake pana kusikiliza tu. Mimi nilisimama nje juu ya debe nikishika waya wa redio ili isikike, baridi inanikata vidole, dada yangu Wambui akiimba ndani kando ya moto.

Tukatunga wetu, wimbo wa wapenzi wawili, tukikamua ng'ombe. Mimi mwanamume: "Usifunge lango, nitarudi mvua ikinyesha." Yeye: "Lango li wazi, ni wewe uliyekawia." Mama alicheka akashika mbavu. "Endeleeni," alisema, "huyu ng'ombe hashushi maziwa bila nyinyi." Na kweli, siku tuliyogombana hakushusha. Wambui akapeleka kadi redioni akiomba wimbo huo, ambao hakuna mtu aliyewahi kuurekodi. Tulingoja Jumapili tatu, mimi juu ya debe.

Sasa Wambui yuko Jeddah, anafanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja. Mwaka jana alinitumia sauti kwenye simu: "Kaka, nimepata mtu wa kuturekodi. Sehemu yako naiacha wazi mpaka Ijumaa."

Nikamjibu, "Mimi ni mtu wa biashara. Acha utoto."

Ijumaa ikapita. Akaimba na dereva mmoja wa mtaa wa Karantina, na wimbo ukaenda nyumbani ukakaa namba moja wiki saba. Wasichana wanaokuja dukani kwangu siku zao za mapumziko wanaupiga kwenye simu wakifunga maboksi. Niliwaambia ile sehemu ya mwanamume niliitunga mimi.

"Ati wewe, bosi? Basi mimi ndiye nilimfundisha jogoo kuwika!"

Wakacheka mpaka boksi likaanguka.

Siku hizi namba moja ni kidole tu. Mtu amelala kitandani, anabonyeza. Hakuna anayesimama kwenye baridi ili mwenzake asikie. Nasema hivyo kila siku, lakini waya nani aliniambia niuachie?

Mwezi uliopita Wambui na yule dereva waliimba katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Baghdadiyah. Nikapanda basi mpaka Jeddah. Mlangoni nikamwambia bawabu mimi ni kaka yake Wambui.

"Leo kaka zake ni wengi, mzee. Lipa upite."

Nikakaa nyuma. Dereva akaimba kwamba atarudi mvua ikinyesha. Wambui akafumba macho, kama alivyofanya kando ya ng'ombe, akamjibu, na ukumbi mzima ukajibu naye. Kusikia sehemu yangu kinywani mwa mtu mwingine kulinigharimu riyali themanini na tano.