Picha ya Sebuleni kwa Mama Mkwe

Mimi ni mpigapicha hapa Dodoma. Siku mdogo wa mume wangu alipovishwa pete nyumbani kwao, nilimpiga picha kama zawadi, nikapandisha chache mtandaoni ili ndugu wa Kondoa wazione. Wifi yangu mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, nilimwambia alete flashi nimwekee picha halisi, maana mtandao unazibana zinapungua ubora.

"Flashi ya nini? Si zipo kwenye simu?"

Basi akachukua picha moja ya hizohizo za mtandaoni, akaichapisha bango kubwa la ukumbini. Uso wa bibi harusi mtarajiwa ukawa vipande vipande kama vigae. Wifi akashika maiki mbele ya wageni: "Mtuwie radhi kwa picha mbovu. Mpigapicha ni wifi yetu, tulimwonea huruma."

Siku ya tatu nikaichapisha picha ileile, ile halisi, kubwa kama mlango. Awali nilipanga kuukata upande wa kushoto, kwa heshima ya familia. Sikuukata.

"Shikamoo mama, nimekuletea zawadi."

Mama mkwe akavaa miwani, akasogea. Pale ambapo bango lilionyesha doa la kahawia tu, wifi alikuwa anashindilia mapaja ya kuku kwenye mkoba. Siku ile ya pete mama aliwagombeza wapishi, akiwaita wezi, kwa sababu kuku waliisha mapema.

Picha bado iko ukutani. Wifi akija, anakaa akiipa mgongo.