Ulimi wa Bibi

Huku kwetu Msambweni, bibi yangu anajulikana kwa sufuria. Kukiwa na arusi, yeye ndiye anayekaa karibu na moto, anadondosha supu ya pilau kiganjani, analamba, kisha anasema "bado" au "basi". Mchele hautiwi mpaka aseme.

Kwa hivyo daktari alipomwambia presha imepanda, apunguze chumvi na atembee kila asubuhi, bibi alikunja karatasi ya dawa akaifunga kwenye pindo la kanga. Tulipofika nyumbani ndipo alipouliza, "Sasa mpishi bila chumvi ni mpishi gani?"

Alitii, lakini nusu. Presha ikakataa kushuka, na hatukujua sababu mpaka siku mama alipofunua sahani ya bibi akakuta ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi.

"Mama, na hii?"

"Hiyo si chumvi. Hiyo ni samaki."

Tulicheka sana, ila ng'onda naye akaaga. Bibi akahamia kwenye ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Baada ya sala ya alfajiri tulikuwa tukitembea pamoja mpaka ufuoni na kurudi, mimi kimya, yeye akisalimia kila mtu. Nilipenda hivyo, maana sikulazimika kuongea. Alhamdulillahi, presha ikaanza kushuka.

Lakini ulimi wake ukabadilika. Mchuzi ambao kwetu ulikuwa sawa, yeye aliusukuma kando. "Mmemwaga bahari humu?"

Kisha tukaitwa arusini huko Waa. Njiani bibi hakuwa na raha. Aliogopa atasema "basi" na pilau iwe chapwa, na kuanzia hapo asiitwe tena. Mwishowe akanishika mkono. "Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa utani mimi mjukuu wake, "leo wewe ndiwe ulimi wangu."

Mimi hata darasani hujibu nikiangalia dawati.

Jikoni wanawake wote waligeuka kututazama. Bibi akadondosha supu kwenye kiganja changu.

"Makubwa!" akasema shangazi mmoja. "Siku hizi mpishi ana msemaji?"

"Rais anaye, mimi nisiwe naye?" bibi akajibu.

Walicheka. Nikalamba. Viungo vilikuwa vizuri kabisa, ila chumvi haikufika. Nikamnong'oneza bibi. Akajifanya hasikii.

"Bado," nikasema.

"Eti?" bibi akauliza.

"Bado! Ongezeni chumvi."

Wakaongeza. Nikaonja tena, nikasema "basi", na mchele ukatiwa. Wageni walikula mpaka wakagombania ukoko. Mama wa bibi arusi alikuja mwenyewe kumwambia bibi kwamba arusi ya binti yake mdogo pia atamwita yeye.

Sisi tulikaa nyuma ya jiko. Bibi akatoa ndani ya kanga kibakuli chake cha kutoka nyumbani, wali na samaki wa kuchoma, akakamulia ndimu.

"Pilau yenu imetoka vizuri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema, bwana. Ulimi wangu wewe."

"Imetoka vizuri, bibi."

"Haya," akasema, akaanza kula.