Mabega ya Kumbeba Mgonjwa

Mwanangu Prosper, mimi shangazi yako iko siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Ni siku tuliyompandisha baba yako mkubwa Aloyce huku kijijini kwetu Kirua akiwa ndani ya jeneza. Lilikuwa jeneza zuri, nisiseme uongo. Lilikuwa na kioo kidogo upande wa uso na vishikio vinavyong'aa. Magari yaliyokwenda kulipokea uwanja wa ndege yalikuwa mengi hata tulipokata kona ya Uchira kupanda mlimani, watu walitoka madukani wakidhani ni harusi ya tajiri.

Sikupanga kukusimulia habari hizi. Nimekaa nazo miaka mingi, na mengine mtu huyameza tu. Lakini jana nilikuwa jikoni nakoroga mtori wa ndizi, nawe ulikuwa hapo barazani na mkeo Neema mkipanga safari yenu ya Lusaka, nikakusikia ukimwambia, "Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Nimeshajiunga na kundi la watu wa nyumbani kule. Lolote likitokea, wanatusafirisha mpaka Moshi." Neema akashusha pumzi. Mimi mwiko ulinidondoka. Neno lile lilinikata maini, mwanangu, kwa kuwa nilikwisha kulisikia kwa sauti inayofanana na yako, na aliyelisema amelala pale kwenye migomba, unapopita kila asubuhi ukienda kukata majani ya ng'ombe. Basi kaa hapa, na hiyo simu iweke mfukoni.

Nilikuwa msichana nimemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma. Kaka yangu Aloyce alikuwa fundi umeme, amepata mkataba na kampuni ya ujenzi kule Gaborone, Botswana, akaniita nikamtunzie nyumba huku nikitafuta kazi. Nilipata kazi ya kushona sare za shule. Aloyce alikuwa mtu wa vicheko. Akirudi kazini ungemsikia anapiga mluzi tangu kona ya barabara, na akiingia ndani anavua viatu na kuuliza kama kahawa ya nyumbani imebaki. Kila alichopata alikituma huku ajenge. Ule msingi wa mawe tunaoanikia kahawa, ambao wewe na wenzako mlikuwa mnarukia utotoni, ndio nyumba yake. Haikuwahi kupata ukuta.

Kule tulikuwa na chama. Unatujua sisi: Wachagga wawili wakikutana ugenini, wa tatu anachaguliwa mtunza hazina. Tulikutana kila mwezi nyumbani kwa mwenyekiti, Bwana Evarist, naye ni mtu wa kijiji hikihiki. Tulichoma mbuzi, tukaimba, tukachanga. Katiba yetu ilikuwa na kifungu kimoja ambacho kila mtu alikijua kwa moyo kama sala ya Baba Yetu: mwanachama akifa, atarudishwa azikwe kwenye kihamba cha baba yake, katikati ya migomba ya kwao. Hakuna wa kwetu atakayezikwa kwenye mchanga wa watu. Tukikisema kifungu hicho tulijisikia watu hasa.

Siku moja ofisini kwao Aloyce waliitwa wageni wote wakaelezwa habari ya bima ya afya. Mwajiri atatoa nusu, nawe utakatwa nusu kwenye mshahara, unapewa kadi, ukiugua unaionyesha mlangoni na unatibiwa. Kwa wageni ilikuwa hiari. Wenzake wengi wakajiunga. Aloyce akarudi nyumbani anacheka mpaka machozi.

"Resti, hebu sikia," aliniambia. "Nilipie ugonjwa ambao sina! Nikawauliza, nisipougua mwaka mzima, hela yangu inarudi? Wakasema hairudi. Sasa hiyo si kamari? Tena kamari ya kuomba uugue ndipo upate faida!"

"Na ukiugua kweli?" nilimuuliza.

"Sisi tuna chama, bwana. Lolote likitokea, nitarudishwa nyumbani."

Nikacheka naye, maana alikuwa na nguvu za ng'ombe dume, na kwenye kucheka hakuna aliyekuwa anamshinda. Hakuna kati yetu aliyekisikia alichokisema, mwanangu. Alikuwa anazungumza habari ya kuugua, akajijibu kwa habari ya kufa.

Tumbo lilimwanza Jumatano. Alisema ni nyama ya Jumapili, akanywa maji ya tangawizi akaenda kazini. Alhamisi alirudi mapema amejikunja, na sikusikia mluzi kutoka kona ya barabara. Nilimwambia twende hospitali akakataa. Alisema hospitali ya serikali foleni yake haiishi na mgeni analipishwa vingine, akanunua vidonge dukani vya kutuliza maumivu, na kweli yakatulia kidogo. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini Aloyce hakuwa anaficha ugonjwa. Alikuwa anaficha kwamba hana kadi, na aliona aibu kwa wenzake aliowacheka.

Ijumaa asubuhi alikuwa wa moto, midomo imemkauka. Nikaita teksi nikampeleka hospitali binafsi iliyokuwa jirani. Binti wa mapokezi alikuwa na adabu, wala simlaumu. Aliuliza, "Kadi ya bima?" Nikasema hatuna. Akataja kiasi cha kutanguliza kabla mgonjwa hajalazwa, na mimi nilikuwa nimeshika kipochi chenye nauli ya kurudi nyumbani. Aloyce alikuwa amekaa kwenye benchi ameshika tumbo, ananitazama nikizungumza. Sitausahau ule uso. Alikuwa mtu wa kusaidia watu, na sasa alikuwa ananisoma mdomo kujua kama atapokelewa.

Niliomba simu pale mapokezi nikampigia Evarist. Alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema, "Lakini Resti, katiba inazungumzia msiba. Ugonjwa kila mtu na nyumba yake. Nitaitisha mchango Jumapili, watu wakitoka kanisani. Mwambie ajikaze." Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Nikamwinua kaka yangu, tukatafuta teksi nyingine mpaka hospitali ya serikali, ile aliyoikimbia. Walimpokea, mwanangu. Walimpasua jioni ileile. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, usaha umesambaa ndani. Daktari alinitazama akaniuliza kwa upole kwa nini hatukumleta siku ilipoanza kuuma. Nikamwambia alidhani ni nyama ya Jumapili.

Jumamosi asubuhi akafa. Neno lake la mwisho aliloniambia lilikuwa kuhusu fundi aliyekuwa anamjengea nyumba yake huku: nimwambie asianze kuta kabla ya mvua.

Sasa sikiliza kinachoniumiza mpaka leo. Jumamosi ileile, kabla jua halijazama, nyumba yetu ilijaa. Waliniletea chakula, wakanishika mikono, wakaweka beseni katikati ya sebule, na noti zikaanguka humo kama majani ya mgomba wakati wa upepo. Mtu aliyeniambia tungoje Jumapili alizunguka mji mzima kwa gari lake akitafuta jeneza lenye kioo. Wengine waliingia kwenye mikopo. Zile hela zilizokusanywa kwa saa chache zingemlaza Aloyce kwenye ile hospitali ya kwanza, zingempasua, zingemnywesha na supu mpaka apone. Walikuwa watu wema. Hilo ndilo linalonitia uchungu, kwamba hakukuwa na hata mmoja mbaya wa kumchukia.

Tukafika huku. Wanaume wa chama waliteremsha jeneza barabarani, wakalibeba mabegani kupita kwenye migomba hadi uani kwa bibi yako. Ibada ikaendeshwa, zikaja hotuba. Evarist akasimama na suti yake nyeusi, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mama, tuliahidi, na tumetimiza. Hatukumwacha mwanao kwenye mchanga wa watu." Watu wakaitikia kwa kushukuru. Mimi mwenyewe, katikati ya kilio, niliona fahari kidogo.

Bibi yako akasimama; nilikuwa nimeshamsimulia yote. Ulimjua akiwa mzee wa kuota moto, lakini siku hizo alikuwa mwanamke mrefu, na hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wanaume wengi. Hakulia. Aliongea taratibu.

"Evarist mwanangu, asante. Safari ni ndefu, mmefanya kazi. Ila nina swali, na wewe ndiye unijibu. Unajua kwamba baba yake huyu aliwahi kuanguka kutoka juu ya mti akikata majani ya mbuzi?"

"Ndiyo, mama. Nilisimuliwa."

"Alivunjika nyonga. Ilikuwa masika, barabara hakuna, gari hakuna. Wanaume wa hapa wakakata miti miwili, wakafunga blanketi, ikawa machela. Baba yako mzazi ndiye aliyeshika mbele. Walimbeba kwenye matope wakipokezana mabega hadi hospitali ya misheni. Hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani. Hakuna aliyesema tungoje Jumapili. Akapona, akarudi kwa miguu yake, ndipo nikamzaa Aloyce." Akaligusa jeneza kwa kiganja. "Ninyi mmesoma. Mmepanda ndege. Na mabega mnayo, nimeyaona sasa hivi yakileta sanduku hili kutoka barabarani. Mlikuwa nayo Jumatano. Mlikuwa nayo Ijumaa mlipopigiwa simu. Mbona mliyawekea akiba mpaka afe?"

Evarist akainamisha kichwa. Bibi yako akageuka kwetu sote, na mimi nikiwemo, akasema, "Mwanangu amekuja na ndege asiyoiona. Haya, mzikeni."

Tukamzika. Kesho yake asubuhi Evarist alikuja ameshika jani la isale, na unajua kwetu anayekuja na jani hilo kuomba radhi harudishwi. Bibi yako alilipokea, akampa na mbege, pombe yetu ya ndizi. Lakini jioni nilimkuta amekaa kwenye ule msingi wa mawe peke yake, jani liko mapajani, na hapo ndipo alipolia. Evarist naye aliporudi Gaborone alisimama kwenye kikao akadai katiba ibadilishwe, na wapo waliotibiwa kwa sababu ya kifo cha kaka yangu. Ni faraja, ila ni faraja nyembamba.

Sasa wewe. Sikukatazi kundi lako. Changa, hudhuria, zika watu na watu watakuzika. Mtu ni watu. Ila usinidanganye mimi shangazi yako kwamba hiyo ni bima ya afya. Umejiandaa vizuri sana kufa, baba. Nataka unionyeshe ulivyojiandaa kuugua.

Kabla hujasaini mkataba muulize mwajiri wako: bima ipo? Inaanza siku nitakayofika au baada ya miezi ya majaribio? Inamhusu mfanyakazi tu, au na mke na mtoto? Kuuliza si ujinga. Neema ni mjamzito, na ziko bima zinazomfanya mtu angoje miezi kadhaa kabla hazijagusa mambo ya uzazi. Mtoto hatangoja. Ukikuta hivyo, tafuta nyingine, au Neema ajifungulie huku ndipo akufuate, na usione aibu. Ile pumu yako ya utotoni iandike wazi wanapokuuliza. Ukiificha ili upunguziwe malipo, siku kifua kitakapobana watakwambia ulidanganya, na watakuwa na haki. Na hiyo bima ya safari uliyokatiwa pamoja na tiketi, isome inaisha lini. Hiyo ni ya mpita njia, nawe unakwenda kukaa. Ukifika, tafuta kujua ni hospitali ipi jirani inayoipokea kadi yako, na Neema ajue njia ya kufika huko, maana siku utakayojikunja kwa maumivu si siku ya kuanza kuulizia.

Utaniambia ni gharama, na mwaka ukipita hujaugua utaona umetupa hela. Mwanangu, wale wanaume walioshika machela ya babu yako, wengi wao hawakubebwa hata siku moja maishani. Hawakusema mabega yao yamepotea bure. Bima ni machela hiyohiyo, ila wanaobeba huwaoni sura. Mwaka usiougua, wewe ndiye uliyemtia mwenzio bega. Aloyce aliiita kamari kwa sababu hakuna aliyemweleza hivyo, na mimi nilicheka badala ya kufikiri.

Na ukiumwa huko, sema. Mwambie mkeo, mwambie jirani, nipigie hata mimi. Usingoje iwe habari ya beseni sebuleni.

Basi njoo nikushike kichwa. Ruwa, Mungu wetu, aliyemrudisha babu yako kwa miguu yake akutangulie wewe, na Neema, na huyo aliye tumboni. Chakula cha ugenini kiwe chakula kwenu, na maji yake yawe maji. Mfanye kazi, mjenge, kuta zenu zipate paa. Na Krismasi mkirudi nitakuja uwanja wa ndege na kiti changu cha kukunja, nikae pale mlangoni mpaka nikuone unatoka unatembea, mzigo begani, unalalamika njaa. Siku hiyo, hata ukija mikono mitupu, nitakuchinjia mbuzi.