Bastola Aliyoing'arisha Edna

Shemeji yangu Norman Thackray ana bastola thelathini na moja za gumegume, zote za jeshi la Mfalme, amezipanga ukutani hapa Halifax kama vyombo vya bi harusi. Anayoitaka ni ile asiyokuwa nayo. Mimi ndiye dereva wake, maana macho yake yamefifia, na kila Jumapili penye soko la silaha za kale tupo, na chupa yetu ya chai na mikate ya nyama ya nguruwe.

Kisa chenyewe kinaniudhi mpaka leo. Siku Norman alipotimiza miaka hamsini, dada yangu Edna alitaka kumfurahisha. Akaiteremsha bastola ya mabaharia, ile aliyoipenda mumewe kuliko zote, akaisugua kutwa nzima kwa dawa ya shaba mpaka ukiitazama unajiona uso. Masikini, angejuaje? Kwa hawa wakusanyaji, ule weusi wa miaka mia mbili ndiyo roho ya kitu, ukiusugua, umekimaliza. Norman aliporudi kutoka kazini akaiona, akasema, "Umeiua." Basi. Wiki tatu hakumsemesha, kisha akaenda kuibadilisha kwa nyingine, nyeusi tii. Edna hakukanyaga tena chumba kile mpaka alipofariki, miaka tisa baadaye.

Majuto ni mjukuu. Tangu tumzike, Norman hataki bastola nyingine yoyote ila ile aliyoisugua Edna. Wenzake wanamcheka, eti mzee kachanganyikiwa, anasaka takataka. Nami sikumwonea huruma. Siku moja garini nilimsuta nikamwambia asante tu ingetosha, neno moja, lingemgharimu nini? Nilipogeuka nikamwona analia, nikampa leso yangu, kwa sababu hata mimi namkumbuka dada yangu mpaka kifua kinauma.

Mwaka wa nne huo tunatafuta. Mwezi uliopita tulikwenda Skipton, na pale, mezani kwa muuzaji mmoja mcheshi mwenye masharubu, katikati ya nyeusi nyingi, kulikuwa na moja inang'aa. Norman akaishika. Akapapasa shaba ya kitako kwa kidole gumba, akitafuta namba iliyogongwa pale na wanamaji wenyewe. Arobaini na tatu, ndiyo yenyewe. Akaisogeza hadi puani, akakunja uso kuihakikisha.

Muuzaji akadhani mteja amechukizwa.

"Niwie radhi, mzee wangu," akasema. "Hiyo imeharibiwa. Sijui mpumbavu gani aliisugua hivyo. Chukua, nitakupunguzia nusu."

Norman akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, mbele za watu, yeye ambaye hata mazikoni alisimama wima kama mlingoti.

"Mpumbavu ni mimi," akasema. "Aliyeisugua ni mke wangu. Usinipunguzie hata peni moja, bwana. Kazi yake nailipia yote."