Nyimbo za Lokipi, Mwendo wa Kakuma

Akuei, mpiga tarumbeta, alidhani mashine imeharibika.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa parokia mjini Lodwar, mwaka 1998. Fundi wa vipaza sauti alikuwa akijaribu spika zake kwa kanda ambayo Akuei aliijua vizuri: nyimbo za ile bendi ya roki ya Uingereza ambayo jina lake linajulikana hata na wasiojua Kiingereza. Alikuwa amekaa na nakala ya kanda hiyo kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma miezi mitatu. Lakini wimbo wa leo ulitoka mbio, kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Mwimbaji, ambaye Akuei alimfahamu kwa sauti nzito ya mtu aliyefiwa, sasa alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, anayeimba kama anacheka.

"Punguza hiyo kitu," Akuei alimwambia fundi. "Inakimbia."

"Haikimbii, mzee. Ndiyo mwendo wake."

"Mimi najua hii wimbo."

"Hata mimi naijua. Hapa tuna stima, mzee. Kitu ikicheza, inacheza."

Akuei aligeuka kuwatazama wenzake wawili. Lokwang, mpiga ngoma, Mturkana wa Kakuma mjini, alikuwa amesimama na vijiti mkononi, mdomo wazi. Godelieve, mama wa Kikongo aliyepiga gitaa la besi, alikuwa amekaa juu ya kasha la ala, na ndiye aliyeelewa kwanza.

"Betri," alisema polepole. "Yesu wangu. Ilikuwa betri."

Kambini hapakuwa na umeme wa kuchezea kanda. Walikuwa na redio kaseti ya betri sita, na betri zikichoka waliziondoa, wakazianika juu ya bati mpaka zipate joto, wakazirudisha. Kwa njia hiyo zilikubali kufanya kazi tena, lakini kwa kujikokota, na kanda ikajikokota nazo. Kila wimbo waliujifunza hivyo, polepole na chini, noti moja ikiingoja nyingine. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu cha kulinganisha. Godelieve alikumbuka kuwa aliwahi kusikia mmoja kati ya nyimbo hizo redioni Bukavu, ukiwa mwepesi zaidi, akafikiri ni yeye aliyekuwa mwepesi wakati ule.

Sasa ilibaki saa moja kabla ya shughuli.

Shughuli ilikuwa kumbukumbu ya mzungu aliyechimba visima kuanzia Kalokol mpaka mpakani, ambaye wenyeji walimwita Lokipi, mtu wa maji. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kuacha spika, magitaa na sanduku la ala za muziki, akiagiza zipewe watu watakaozipiga. Ndani yake mlikuwa na tarumbeta moja tu. Kamati ya ukumbi ilimwazima Akuei tarumbeta hilo kwa mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa umekwisha. Leo mjane wa Lokipi, Bi Hilda, angesikiliza vikundi viwili vikipiga nyimbo alizozipenda marehemu, kwa mtindo wa jazz, barua ilisema hivyo, kisha aamue tarumbeta likae wapi: kwa Akuei na wenzake, waliojiita Tarach Jazz kwa jina la mto wa Kakuma, au kwa bendi ya shule ya mwalimu Ejore, hapa hapa Lodwar.

Ukitaka kujua tarumbeta lilikuwa nini kwa Akuei, ungemwuliza mkewe, Ajok. Akuei alichukuliwa kwenye bendi ya magereza ya Malakal, kwao ng'ambo ya mpaka, akiwa na miaka kumi na sita. Kiongozi wa bendi, mzee mwenye sahani za santuri za jazz za Wamarekani weusi, alimfundisha kitu kimoja ambacho hakukisahau: utamke wimbo mara moja kama ulivyo, kisha uutoe nje utembee nao, lakini usiupoteze njiani. Vita vilipofika aliondoka na watoto, akaacha tarumbeta la serikali likining'inia msumarini. Miaka minane iliyofuata, kwenye foleni ya mahindi, vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vikibonyeza paja peke yake. Ajok aliviona. Siku tarumbeta la Lokipi lilipoingia nyumbani, vidole vilitulia. Asubuhi ya leo, akimfungia mumewe shati, aliviona vimeanza tena.

Mwalimu Ejore alipita karibu nao, viatu vimeng'arishwa, saa mkononi, akawaamkia kwa Kiturkana.

"Ejok, wageni wetu wa Kakuma! Mnaonekana kama watu waliokutana na polisi."

"Ejok-nooi, mwalimu," Lokwang alijibu. "Polisi tumewazoea."

"Nilimsikia fundi akicheka. Anasema mzee hapa anaubishia mkanda." Ejore alimgeukia Akuei, na sauti yake haikuwa mbaya, jambo ambalo lilimchoma Akuei zaidi. "Mzee wangu, usikasirike. Tarumbeta hilo likikaa shuleni litafundisha watoto arobaini kila mwaka. Kwako linamfundisha nani?"

Ilikuwa kweli, na bado Akuei alilitaka.

Walitoka nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Tunapiga haraka," Godelieve alisema. "Weye unasikia kitu mara moja unaishika, minakujua. Tunahesabu mbio, tunamaliza."

"Mkono yangu inajua njia moja," Lokwang alisema. "Miezi tatu nimeifundisha kutembea. Leo unaiambia kimbia?"

"Basi ikimbie! Unataka tarumbeta iende?"

"Si mimi naipuliza. Uliza mwenyewe."

Wote wawili wakamtazama Akuei. Hakujua majina ya Kiingereza ya nyimbo zile; alizipa majina ya madume ya ng'ombe, kama kwao kila wimbo ulivyokuwa na dume lake. Lokwang, ambaye naye alikuwa na dume lake la kuimbia, hakuhitaji kuelezwa. Wa kwanza ulikuwa Mabior, dume jeupe. Wa pili Malual, dume jekundu. Wa tatu Mangar, dume la milia.

"Mabior haraka," Akuei alisema mwishowe. "Wasije wakasema hatujui."

Bendi ya shule ilitangulia, na ilipiga vizuri. Ilipiga kama kanda, kwa mwendo wa kanda, na mwalimu Ejore akiwaongoza kwa kidole. Watu walipiga makofi. Bi Hilda, mwanamke mrefu mwenye mvi, aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Kando yake alikaa Amuria, mama aliyekuwa katibu wa kamati, kalamu ikiwa tayari.

Kisha Tarach Jazz wakapanda, na Mabior akawakimbia.

Godelieve alihesabu kwa Kifaransa, mbio, na Lokwang akaanza nyuma ya hesabu. Akuei alipuliza mstari wa kwanza ukatoka. Wa pili pumzi ikamwishia katikati, noti ikapasuka kama chungu. Mtu alicheka. Alijaribu kuutoa wimbo nje utembee, akakuta hana wimbo mkononi, ana haraka tu. Walimaliza kila mmoja kwa wakati wake. Makofi yalikuwa machache, ya huruma. Amuria aliandika kitu kifupi. Bi Hilda alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Haraka tena?" Godelieve alinong'ona. Jasho lilimtiririka shingoni.

Akuei aliona vidole vyake vikibonyeza vitufe bila kupuliza. Akaona jinsi jambo hili litakavyokwisha: kasha litafungwa, karatasi itatiwa sahihi, na yeye atarudi Kakuma nyuma ya lori mikono mitupu.

"Malual," alisema. "Ya kwetu."

Lokwang aliangusha mguu sakafuni mara moja, akangoja, akauangusha tena. Besi ya Godelieve iliingia chini kabisa. Akuei aliutamka wimbo mara moja kama alivyoujua, polepole, kila noti ikibaki mpaka kilichomo ndani yake kionekane. Kisha akautoa nje. Aliupinda mwishoni mwa kila mstari, kama mtu anayemwita ng'ombe aliye mbali na ambaye hana hakika kama bado yu hai. Wanawake wa kamati za visima, waliokaa mikeka ya nyuma na shanga zao shingoni, waliacha kuzungumza. Mmoja wao, Nakiru, akaanza kuguna pamoja na besi.

Mwalimu Ejore alisimama kabla noti ya mwisho haijafa.

"Katibu, samahani. Huo si wimbo wa marehemu. Waulizwe: wamefanya kusudi, au ni makosa?"

Bi Hilda alimwinamia Amuria, wakasemezana kwa Kiingereza, na Amuria akasimama.

"Anasema wa kwanza hamkuujua."

"Ni kweli," Akuei alisema.

"Anasema huu wa pili ameusikia tangu aolewe. Mumewe akiupiga ndani ya gari, akinyoa ndevu. Leo ndiyo mara ya kwanza kusikia kuwa ni wimbo wa huzuni. Anasema maneno yake yalikuwa ya huzuni siku zote, ila mwendo uliyaficha. Kwa hiyo anauliza swali la mwalimu. Mlifanya kusudi?"

Godelieve alimbana Akuei kwa kiwiko. Neno *ndiyo* lilikuwa karibu, fupi na rahisi. Tarumbeta lilikuwa limelowa kiganjani mwake.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa betri. Betri imekwisha, sisi tunaweka jua, kanda inatembea kama mgonjwa. Sisi tulifikiri wimbo ni hivyo."

Kicheko kilipanda kutoka mbele mpaka nyuma. Ejore hakucheka, alikunja mikono, kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Lakini asubuhi mmesikia ya kweli," Amuria alisema, na safari hii hakutafsiri, aliuliza mwenyewe. "Kwa nini umerudi kwa makosa?"

"Hii ya haraka, mama, nimesikia mara moja. Ile nyingine nimekaa nayo." Alitafuta neno kwa Kiswahili, akalikosa, akasema lililokuwapo. "Ya haraka ni ya wenyewe. Hii wametuachia."

Amuria alitafsiri kwa muda mrefu kuliko maneno yalivyokuwa. Bi Hilda alisikiliza, kisha akasema sentensi mbili tu, bila kutabasamu.

"Spika na gitaa mbili ziende shule," Amuria alitangaza. "Tarumbeta likae Kakuma."

Ejore aliketi. Kisha alimpungia Akuei mkono, mara moja, kama mtu anayefukuza inzi. Akuei naye akampungia.

"Mzee," Amuria alisema, "barua ilisema nyimbo tatu."

"Mangar," Akuei aliwaambia wenzake, akalamba midomo. Lokwang alikuwa ameshainua mguu.